Vioo vya gari kushuka vyenyewe: kabla hujamwita fundi, hesabu vilivyoshuka

Ukitoka asubuhi ukakuta vioo vya gari viko chini na milango bado imelokiwa, usimpigie fundi kwanza, wala usimpigie mchungaji. Hesabu vilivyoshuka. Ni kimoja au ni vyote? Hilo swali hakuna aliyeniuliza masika ile, si gereji ya kwanza, si ya pili, wote walikuwa na swali lao moja tu, "dada, una uhakika ulivipandisha?" Uhakika ninao. Mi nikishuka kwenye gari nazunguka, naangalia vioo, navuta kitasa cha kila mlango, watoto wangu wananicheka kwa hiyo tabia na sijawahi kuiacha.

Naishi Arusha, upande wa Njiro. Gari yangu ni ndogo ya Kijerumani iliyokuja used kutoka Japan, aina yake naiacha, maana ukisoma hadi mbele utaona gari yenyewe haikuwa na kosa. Wanaoijua Arusha ya mwezi wa nne hawahitaji kuelezwa mvua, inaanza usiku watu wamelala na asubuhi bado inadondoka. Siku ya kwanza nimetoka nakimbizana na muda wa shule nikakuta siti ya dereva imeloa chapachapa, pale pa kuwekea chupa pana maji, yani maji ya kuchota, na siti ya nyuma kuna daftari la hesabu la mtoto limevimba hadi halifungiki. Vioo vinne vyote chini kabisa. Nikavuta mlango, haufunguki, umelokiwa! Nikabonyeza rimoti, ukafunguka kama siku zote, nikaweka ufunguo, nikapandisha vioo na vyote vikapanda vizuri bila hata kukwama.

Hapo ndo nilichanganyikiwa, maana ingekuwa mwizi si angebeba kitu? Miwani ipo, chaja ipo, hata sarafu za paking zipo. Na ingekuwa nimesahau kuvipandisha, mlinzi angeniambia usiku uleule kwa sababu gari inalala hapo mbele ya kibanda chake. Alamu nayo haikulia. Hiyo ya alamu ikae kichwani kwako, mi wakati ule sikuipa uzito na wala mafundi hawakuipa, kumbe jibu lote lilikuwa humo.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mume wangu alisema umesahau, akaendelea kunywa chai. Kazini dada mmoja akaniambia kwa sauti ya chini nisipokee hela ya mtu yeyote ndani ya hiyo gari, nikaelewa anaongelea chuma ulete nikanyamaza tu. Mama yangu yuko Kibosho, nilipomsimulia kwenye simu alikaa kimya kidogo alafu akaniuliza, "Siku gari inafika hapo kwako walikuwepo akina nani?" Mama ni mama, sikubishana naye. Ila gari ilirudia tena, na tena, kuna asubuhi navikuta vyote chini hadi mwisho, kuna asubuhi navikuta vyote vimeishia nusu, kimo kimoja kabisa mbele na nyuma. Na ilishatokea mchana kazini pia, jua linawaka, natoka ofisini nakuta gari iko wazi mbele ya watu wote na mlango umelokiwa.

Gereji ya kwanza fundi umeme alisikiliza nusu ya maelezo akakata, "maji yameingia kwenye swichi kuu, ile ya mlango wa dereva, tunabadilisha." Nikamuuliza maji yaliingiaje kabla vioo havijashuka, akasema kwenye kuosha gari, vijana wanapiga maji ya presha hovyo. Siwezi kusema ni uongo, hilo la maji ya presha kwenye swichi ni tatizo kweli na linaua swichi nyingi. Akaanza kwanza kwa kutaka kupulizia dawa ya kopo ndani ya swichi ili "ipone", hapo nikamzuia. Sababu ni kwamba mwaka 2012 Toyota waliita magari karibu milioni 7.4 duniani yarudishwe yarekebishwe kwa ajili ya hiyohiyo swichi kuu ya vioo ya mlango wa dereva, grisi iliyowekwa kiwandani haikuenea sawa, swichi zikawa zinakwama, na walionya kabisa watu wasijipulizie vilainishi vya dukani kwa sababu swichi inaweza kupata moto ikayeyuka na kutoa moshi. Gari yangu sio Toyota lakini swichi ni swichi, plastiki na vipande vya shaba vinavyogusana, ukiweka mafuta yasiyo yake humo umeweka kitu cha kuungua. Kuna dawa maalum ya kusafishia sehemu za umeme zinazogusana, inakauka haibaki na mafuta, yeye hakuwa nayo.

Basi tukabadilisha swichi, used, elfu themanini. Na hapa niseme kitu pembeni, ukinunua swichi ya vioo ya mtumba iulize imetoka wapi, maana swichi za pawa windo na vioo vya pembeni ndo vitu vya kwanza vinavyoibiwa kwenye magari mjini, kuna mtu asubuhi analia ili wewe uuziwe kwa bei poa. Nilidai risiti, muuza duka akanishangaa ila akaandika.

Haikuchukua muda vioo vikashuka tena.

Nikanunua turubai. Usicheke, ilikuwa pesa nzuri kuliko zote nilizotoa masika ile, kwa sababu vioo vilishuka ndani ya turubai na gari ikabaki kavu. Ila kazini huwezi kufunika gari na turubai kama pikipiki ya msibani, kwahiyo nikaenda gereji ya pili, hawa wana mashine ya kupima. Wakachomeka kwenye ile soketi ya chini ya usukani, wakasoma, hakuna kosa lolote lililohifadhiwa upande wa milango wala vioo. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza kwanini kompyuta inaona kila kitu kiko sawa. Wao wakasema basi kompyuta yenyewe ndo mbovu, tubadilishe kontroo boksi, laki nne na nusu, na ya mtumba tena. Nikakataa, nikawaambia nipeni muda nitafute hela, ukweli nilikuwa nimeshawachoka. Kijana mmoja pale ndo akanipa ushauri wa bure, akasema dada ng'oa fyuzi ya vioo uone.

Aisee, fyuzi ikang'olewa na vioo vikatulia. Hili jaribio nalipendekeza kwa mtu yeyote kwa sababu halina gharama na linakujibu kitu kikubwa, kama fyuzi imetoka na vioo havishuki tena basi vilikuwa vinashushwa na umeme, mota inazunguka kabisa kwa sababu kuna kitu kimeiambia izunguke. Kama fyuzi imetoka na kioo bado kinashuka, hiyo sio habari ya umeme tena, kioo kinadondoka kwa uzito wake, nitalifikia hilo nikimuongelea mdogo wangu wa Moshi. Ila kuishi bila fyuzi ni mateso, ukifika getini kwa watu unafungua mlango ndo usalimiane na mlinzi, askari akikusimamisha pale Kisongo unafungua mlango anarudi nyuma anadhani unataka kushuka umpige, jua la saa nane vioo vimefungwa unaiva. Nikairudisha.

Aliyepata jibu ni mlinzi wetu, mzee wa Kimasai, hajawahi kuendesha gari ila usiku mzima kazi yake ni kuangalia. Nilimwomba asiniite, aangalie tu nini kinatangulia. Kesho yake asubuhi akanisubiri pale getini na fimbo yake akanieleza taratibu, na namuandika alivyosema: "Mama, taa za pembeni zimewaka kwanza, zile za kukata kona, pande zote. Mlango umelia tak. Alafu vioo vimeshuka vyote pamoja, havikukimbia, vimeshuka. Nikakaa. Baada ya muda kidogo mlango umelia tak tena." Nikamuuliza wakati huo kulikuwa na mtu karibu na gari? Akasema hapana, ila ndani mlikuwa mnapiga kelele za goli. Alafu akaongeza, kama vile ni kitu kidogo, kwamba anaona hivi vioo vinapenda siku za mpira.

Siku za mpira! Mechi za Ulaya msimu ule zinaanza saa nne usiku, mi nimelala, mume wangu yuko kwenye kochi na suruali ya michezo, na ufunguo wa gari uko mfukoni kwa sababu jioni ndo yeye anayeenda kuiingiza gari ndani. Gari imepaki nje ya dirisha la sebuleni, hatua chache tu. Nikaenda kuchukua ufunguo mezani nikatoka nje, vioo nimepandisha, milango nimeloki, nikabonyeza kile kitufe cha kufungulia ila badala ya kuachia nikakikandamiza nikakaa nacho. Taa zikawaka, tak, milango imefunguka. Sekunde kama mbili tatu hivi, vioo vinne vikaanza kushuka kwa pamoja. Nikaachia kidole, vikasimama nusu, vyote kimo kimoja. Nikakandamiza tena vikamalizia. Alafu sikugusa mlango, nikasimama tu na mlinzi tukiangalia, na ilipofika kama nusu dakika, tak, gari ikajiloki yenyewe vioo vikiwa chini.

Yani kila kitu kilichokuwa kinanitesa kilikuwa hapo mbele yangu. Hii ni kazi ambayo gari imetengenezewa, inaitwa kufungua kwa starehe au wengine wanaiita ya kiangazi, umeegesha juani, ndani kunachemka, ukiwa bado uko mbali unakandamiza rimoti vioo vinashuka joto linatoka kabla hujakalia siti. Volkswagen na Audi wanayo, BMW na Mini wanayo, Mercedes wanayo, na baadhi ya Mazda, Ford na Nissan. Yenye dirisha la juu, nalo linafunguka. Alafu kuna kazi ya pili tofauti kabisa, ya usalama, kwamba ukifungua kwa rimoti na usifungue mlango wowote ndani ya muda mfupi, gari inaamini umebonyeza kwa bahati mbaya na inajiloki. Ndo mchezo mzima, kazi ya kwanza inashusha vioo, ya pili inaloki milango, na hakuna mtu aliyefikiri kwamba ikijiloki basi ivipandishe na vioo. Kuvipandisha kwa mbali kunaogopewa, kidole cha mtoto au shingo vikinaswa na wewe uko ghorofani huoni, ndo maana magari mengi yanakuruhusu kushusha kwa rimoti ila kupandisha hadi usimame mlangoni na ufunguo wenyewe, uzungushe upande wa kufunga na uushikilie.

Na alamu haikulia kwa sababu haikuwa na cha kulilia. Rimoti halali imesema fungua, alamu imejizima kwa adabu. Mwizi angeingiza mkono, au waya zingegusana zenyewe ndani ya mlango milango ikiwa bado imelokiwa, ingekuwa habari nyingine. Mashine ya gereji nayo ilisema hakuna kosa na ilikuwa sahihi, gari ilikuwa inatii amri tu.

Ya kazini nayo ikaeleweka hapohapo. Mkoba wangu nauweka kwenye droo ya chini ya meza, ni droo fupi, ndani ya mkoba kuna hotpoti, kitabu cha wimbo, chaja, mwavuli wa kukunja, na ufunguo unakaa popote utakapoangukia. Nikifunga droo kwa goti inakandamiza. Gari iko chini ya dirisha la ofisi, ghorofa ya pili tu, mawimbi yanafika vizuri, rimoti hizi nyingi mahali pa wazi zinavuka mita ishirini thelathini bila shida, na betri ikiwa mpya inaenda zaidi. Nilikuwa nimebadilisha betri ya rimoti mwezi wa tatu, ile ya duara CR2032, na nikiangalia nyuma haya mambo ya kazini yalianza baada ya hapo, kabla ya hapo rimoti ilikuwa imechoka ilikuwa inataka uisogelee gari.

Mume wangu nilipomuonyesha alibonyeza mara kadhaa kama mtoto, na maji ya mvua ya jana bado yako kwenye kapeti, alafu akasema, "Sasa mi ningejuaje?" Na ni kweli, angejuaje. Kitabu cha gari kimo kwenye dashibodi na kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho.

Kuzima hiyo kazi ni dakika chache kwa mtu mwenye laptop na programu ya gari husika. Nilimpata kijana mjini anayefanya hizo kazi, akaingia kwenye kompyuta inayosimamia milango na vioo, kuna orodha ndefu ya vitu vya kuweka alama au kuondoa, akaondoa alama kwenye kushusha vioo kwa rimoti, akaacha ile ya kuzungusha ufunguo mlangoni kwa sababu ufunguo hauwezi kujizungusha wenyewe. Elfu thelathini, na hakufungua hata skrubu moja. Kwa gari mpya mpya baadhi hayo yako kwenye skrini ya gari yenyewe, unatafuta kwenye mipangilio ya milango unazima mwenyewe. Kama huna mtu wa laptop karibu, badilisha ufunguo unapokaa. Usiuweke mfukoni pamoja na simu, kwenye mkoba utafutie kikasha kigumu, na ule wa akiba uweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko, hata la biskuti, bati linazuia sana mawimbi na pia hakuna cha kubonyeza vitufe humo.

Sasa mdogo wangu. Yuko Moshi, Pasua, anaendesha Toyota ndogo ya kawaida, na habari yangu ilipomfikia akanipigia kwa furaha, "Dada na yangu ni rimoti! Nikipaki inashusha kioo!" Nikamwambia subiri, vingapi? Kimoja, cha nyuma kushoto. Sio rimoti. Nikamuuliza kinashuka ghafla au kidogo kidogo, akasema akitoka sokoni Mbuyuni hadi nyumbani kwenye yale mashimo kinakuwa kimeshuka vidole viwili, akipaki, jioni akirudi kwenye gari kimefika nusu. Nikamwambia kivute na viganja viwili, kimoja ndani kimoja nje, kipandishe. Kikapanda kwa mkono! Kioo kizima hakipandi kwa mkono hivyo, mota na mashine yake vinakishika.

Kwenye Toyota nyingi za kawaida umeme wa vioo unakatika ukizima gari, unabaki kwa muda mfupi tu baada ya kuzima, ukishafungua mlango wa dereva basi. Gari imezimwa na imelala, hata swichi iwe imejaa maji haina umeme wa kuizungushia mota, kwahiyo kioo kimoja kikishuka kwenye gari ya namna hiyo anza kufikiria mashine ya kioo kabla ya swichi. Isipokuwa kama kuna alamu ya kufungwa na fundi baadaye, ile yenye kisanduku cha kupandisha vioo ukiloki, hizo zinapitisha waya zake pembeni na zinaweza kufanya vituko vyovyote. Fundi wa Moshi alitoa kava la mlango, akabandua ile nailoni ya ndani, akamulika na simu, mdogo wangu akanitumia picha. Kile kipande cha plastiki kinachoshika kioo kwenye reli kimepasuka katikati, waya mwembamba wa chuma umechanua kwenye roli yake kama ufagio, na kioo kimeegemea tu. Mashine ya kioo ya mtumba ikawekwa, nailoni nikamsisitiza airudishe yote na gundi yake, mafundi wengi wanaichana wanaiacha na baada ya hapo maji yanayoteremka ndani ya mlango yanaingia ndani ya gari kila mvua, unajikuta umetibu kioo umepata kapeti la maji.

Maji ndo aina ya tatu, na hii ndo inastahili hela ya fundi kweli. Jirani yetu alikuwa na Passat ya zamani, zile za B5, kompyuta ya milango na vioo imekaa chini ya kapeti pale mbele miguuni. Juu yake, chini ya kioo cha mbele, kuna mfereji wa kukusanya mvua wenye matundu ya kutolea maji. Hapa Arusha tuna mijakaranda kila mtaa, mwezi wa kumi na wa kumi na moja barabara zinakuwa zambarau, picha nzuri, ila maua na majani yale yanashuka kwenye huo mfereji yanaoza yanaziba, mvua ikija maji yanapanda yanaingia ndani hadi kwenye kompyuta. Gari yake haikuwa na mpangilio, leo kioo cha kulia, kesho taa za ndani zinawaka zenyewe, keshokutwa milango inafunga na kufungua ikiwa imesimama. Ukiona vurugu ya aina hiyo, vitu visivyohusiana vinacheza kwa zamu, inua kapeti ushike sponji ya chini. Na ukiwa hapo angalia pia ile mipira inayopitisha waya kati ya mlango na bodi, waya za mlango wa dereva zinakunjwa kila ukifungua na kufunga, miaka kumi na tano ya kukunjwa zinapasuka ganda, zinagusana.

Kuhusu kukausha gari nitasema kwa haraka kwa sababu wengi wanakosea hapo kuliko kwenye vioo. Kufuta siti na kuacha milango wazi juani haitoshi, chini ya kapeti kuna sponji nene linakaa na maji wiki nyingi na juu umeshika unaona pakavu. Siti lazima itoke au angalau kapeti linyanyuliwe na kitu kama kipande cha mbao hewa ipite. Ukitoa siti, chini yake kuna soketi za njano, hizo ni za eabegi na mikanda, betri itolewe kwanza na usubiri dakika kadhaa ndo uzichomoe, kijana wa kuosha gari asikuambie anajua. Yangu ilichukua muda kutoka harufu, na taa ya eabegi iliwaka kwa sababu soketi moja ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye pini, ikasafishwa ikazimika.

Kwa anayetegemea kutoa gari bandarini muda huu, siku ya kwanza kabla hujaizoea chukua rimoti kaa nje ya gari ujaribu kila kitufe kwa namna mbili, kubonyeza na kuachia, alafu kukandamiza na kushikilia. Angalia vioo, dirisha la juu, vioo vya pembeni, buti. Kitabu cha Kijapani piga picha ukurasa wenye mchoro wa ufunguo, simu inatafsiri vizuri tu siku hizi, sio Kiswahili cha kupendeza ila utaelewa. Mi nilifanya hivyo baada ya yote haya na nikagundua buti yangu nayo ina kitufe cha kushikilia, ambacho mume wangu amenitaka nikizime pia kabla ya msimu wa mpira haujaanza.